Japani si panga tu: uzi wa filamu za miaka ya 1950 ambazo hazitajwi humu

Mpanda Ngazi:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ukifunguliwa uzi wa sinema za zamani za Kijapani tunaishia palepale: panga, farasi, mvua, na yule jamaa wa ndevu anayejikuna kifua. Sibishi, Akira Kurosawa, mwongozaji wa hizo za panga, ni Kurosawa. Lakini mwaka 1954, mwaka uleule samurai wake saba walipotoka, wahakiki wa jarida la Kinema Junpo walipiga kura ya filamu bora ya mwaka, na hao samurai wakashika nafasi ya tatu. Ya kwanza ilikuwa Nijushi no hitomi, yaani macho 24: mwalimu wa shule ya msingi kwenye kisiwa cha Shodoshima na wanafunzi wake 12, kuanzia 1928 mpaka vita imekwisha na hesabu ya waliobaki hai imefanyika. Ya pili ilikuwa Onna no sono. Zote mbili ni za mwongozaji mmoja, Keisuke Kinoshita. Na kuna mwanamke mmoja yumo katika zote mbili.

Jina lake Hideko Takamine. Nani humu anamjua? Ndiyo maana nimefungua uzi.

Nianze na filamu iliyonipa jina ninalotumia hapa. Onna ga kaidan wo agaru toki, mwanamke apandapo ngazi, ya mwaka 1960, mwongozaji Mikio Naruse. Takamine ni Keiko, mjane anayesimamia wahudumu wa baa moja ghorofani, mtaa wa Ginza, Tokyo. Wateja na wenzake wanamwita "Mama", neno lilelile kama letu. Kila jioni lazima apande zile ngazi, na kila jioni anazichukia. Akishafika juu anatabasamu.

Hakuna anayechomoa kisu. Kinachotisha ni hesabu. Kimono lazima iwe ya bei, maana mteja tajiri hakai na mhudumu aliyechakaa. Nyumba ya kupanga lazima iwe nzuri, manukato lazima yawe ya maana. Kisha anaenda kwa mama yake mzazi, na huko kaka anataka pesa ya wakili, na mtoto wa kaka ana polio anatakiwa afanyiwe upasuaji. Nani alipe? Keiko si anafanya kazi mjini, si anavaa vizuri?

Mwenzake mmoja, Yuri, alijitoa akafungua baa yake kwa mkopo. Akifa, wadai wanafika msibani kudai chao. Msibani, wakuu! Naruse hakupandisha hata muziki pale. Kamera imekaa tu, kama jirani aliyekuja na ubani akajikuta anasikia yasiyomhusu.

Hiyo ndiyo hoja yangu kwenye uzi huu. Wenye panga wanajua nani ni jasiri. Filamu hizi zinajua nani analipa.

Nitaendelea.


Kiberiti:

Mkuu umeandika vizuri, ila mimi hizo za kuongea niliwahi kujaribu. Dakika arobaini watu wanakunywa chai, wanafunga mlango wa karatasi, wanafungua mlango wa karatasi. Nilikulia kibandani mimi. Swali langu moja tu: steringi anakufa?


Mpanda Ngazi:

Kiberiti, kwenye hizi steringi hafi, na hilo ndilo tatizo lake. Kesho yake anaamka anadaiwa.

Naendelea na Takamine mwenyewe, maana ukijua maisha yake utamwangalia Keiko kwa jicho lingine.

Alizaliwa Hakodate, Hokkaido, mwaka 1924. Mama yake akafariki, akachukuliwa na shangazi. Akiwa na miaka 5 alipelekwa studio ya Shochiku kule Kamata, kutazama tu. Siku hiyo walikuwa wanatafuta mtoto wa kuigiza, akawekwa mwisho wa foleni, akachaguliwa yeye. Filamu ile, Haha, ikatoka 1929, na tangu hapo hakupumzika. Alicheza visichana, alicheza hata vivulana. Shule aliionja tu, kila akikaa darasani wiki mbili studio inamwita. Mshahara wake ukalisha nyumba, kisha ndugu wakahamia Tokyo kutoka Hokkaido, ukawalisha na hao. Mtoto wa umri wa darasa la pili ndiye tegemeo la ukoo.

Sasa mrudishe kwenye ile sebule ya 1960, Keiko ameketi mbele ya mama na kaka wanaotaka pesa. Angalia uso wa Takamine pale. Halii wala hakasiriki. Anapiga hesabu kichwani, na ameipiga hesabu hiyo tangu akiwa mdogo. (Hata mavazi ya filamu ile aliyasimamia yeye, jina lake limeandikwa hivyo mwanzoni. Alijua kimono ya namna gani inavaliwa na mwanamke ambaye hana pesa ila hapaswi kuonekana hana.)

Na ili msidhani alikuwa wa huzuni tu: 1951 alicheza Karumen kokyo ni kaeru, filamu ndefu ya kwanza ya rangi Japani, tena ya Kinoshita huyohuyo. Yeye ni mnenguaji wa kuvua nguo kutoka Tokyo anayerudi kijijini chini ya mlima Asama akijiona msanii mkubwa, na kijiji kizima hakijui kimpokee vipi. Rangi ya Fujicolor ilikuwa bado bahati nasibu, kwa hiyo kila kitu walikirekodi mara mbili, cha rangi na cha nyeusi na nyeupe, endapo ya rangi itaharibika.


Fundi Redio:

Mpanda Ngazi, umeruka kitu kitamu sana kuhusu huyo shangazi. Jina "Takamine Hideko" lilikuwa la shangazi kwanza! Alilitumia alipokuwa benshi.

Kwa wasiojua: zama za filamu bubu, Japani hawakuangalia sinema kimya. Pembeni ya kitambaa anasimama mtu, benshi, anasimulia, anaigiza sauti zote, mwanaume, mwanamke, mbwa, anaeleza Wazungu wale wanafanya nini na kwa nini. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi fulani, filamu yenyewe haijalishi. Inakukumbusha nani? Sisi tuliokaa kwenye mabenchi ya vibanda tukimsikiliza Lufufu, au ndugu zetu Wakenya na DJ Afro wao, hatuhitaji kuelezwa benshi ni nini. Nusu ya filamu nilizozipenda utotoni, nilipokuja kuziona bila msimuliaji nikakuta ni takataka.

Mabenshi walikuwa na nguvu, na ni sababu mojawapo filamu za sauti zilichelewa kushika Japani. Ya kwanza yenye sauti mwanzo mwisho iliyofanikiwa ni Madamu to nyobo ya Heinosuke Gosho, 1931. Baada ya hapo wakagoma, wakapoteza, wakatawanyika. Kaka yake Kurosawa alikuwa mmoja wao. Alijiua 1933.


Binti wa Forodhani:

Assalaam alaykum. Fundi, hiyo Madamu to nyobo mke wa nyumbani ni nani? Kinuyo Tanaka. Na mie ndiye niliyemjia, maana mnamzungumza Takamine kama hakukuwa na mwengine.

Tanaka alizaliwa Shimonoseki 1909. Alishakuwa nyota kabla Takamine hajaanza kutafuna. Mwaka 1938 kwenye Aizen katsura alikuwa nesi anayependana na daktari, Japani nzima ikalia. Baada ya vita akaenda Marekani, akarudi Januari 1950 kavaa miwani ya jua, anawarushia watu mabusu. Magazeti yakamrarua. Nchi ina njaa, Wamarekani wameikalia, na we unarudi na miwani! Kisa hiki nakijua mie hata bila ya Japani, kila aliyetoka Ulaya akarudi mtaani kwetu na mkoba mpya anakijua.

Unajua alifanya nini? Akaamua kuongoza filamu mwenyewe. Kabla yake alikuwapo mwanamke mmoja tu aliyeongoza filamu ndefu Japani, Tazuko Sakane, 1936. Kenji Mizoguchi, aliyemtumia Tanaka kwenye filamu zake kubwa kadhaa zinazosifiwa huko Ulaya, akapinga. Naruse ndiye aliyemchukua kama msaidizi wake kwenye Ani imoto apate kujifunza kazi, na Kinoshita akamwandikia muswada wa filamu ya kwanza.

Hiyo ya kwanza ni Koibumi, barua ya mapenzi, 1953, ikaenda mpaka Cannes. Shibuya kulikuwa na kichochoro, mtu anakaa anaandika barua za Kiingereza kwa niaba ya wanawake wa Kijapani kwa wanajeshi wa Kimarekani waliokwishaondoka. Nitumie pesa, mtoto anakua, umenisahau. Masayuki Mori ni askari aliyerudi vitani, anaandika barua hizo huku akiwadharau wanaomwandikisha, mpaka siku anaisikia sauti anayoijua. Basi nisiseme zaidi.

Na Chibusa yo eien nare, 1955. Hii nakuombeni muitazame mkiwa na nafasi ya kukaa kimya baadae. Ni mshairi wa kweli, Fumiko Nakajo wa Hokkaido, aliyekufa kwa saratani ya titi 1954 akiwa na miaka 31. Filamu imetoka mwaka mmoja baada ya maziko. Mwigizaji ni Yumeji Tsukioka. Mwanamme angeifanya filamu hii ya kumhurumia marehemu. Tanaka kamwacha mgonjwa awe na hasira, awe na tamaa, amuudhi mtu. Aliongoza sita jumla, ya mwisho 1962, kisha wakamsahau kama mwongozaji mpaka zilipokuja kusafishwa na kuoneshwa upya Ufaransa mwaka 2021.


Kiberiti:

Sawa dada, nimekaa vizuri sasa. Endelea.


Binti wa Forodhani:

Nilikuwa nimemaliza lakini kwa heshima yako nitaongeza moja.

Sandakan hachiban shokan ya 1974, mwongozaji Kei Kumai. Imetoka nje kidogo ya miaka ya uzi, mnisamehe. Tanaka ni kikongwe masikini wa Amakusa anayemhadithia mwandishi wa kike maisha yake: aliuzwa akiwa mtoto, akapelekwa Borneo kwenye danguro. Wanawake hao Wajapani waliwaita karayuki-san, wakitoka Amakusa na Shimabara kwa umasikini. Alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike Berlin 1975, miaka miwili kabla ya kufa.

Sasa kwa nini naileta. Karayuki-san hawakuishia Borneo wala Singapore. Wapo waliofika mpaka Unguja, toka mwisho wa karne ya 19. Mji Mkongwe huuhuu tunaopita kununua urojo. Nilipoitazama filamu ile kwa mara ya kwanza sikulijua hilo. Nilipolijua nikaitazama tena, na yule bibi anavyoinamisha kichwa kumkaribisha mgeni kwenye nyumba yenye majamvi yaliyooza, nikamwona kibarazani kwetu.


Mzega:

Wazee, mmesahau kisiwa.

Hadaka no shima, 1960, Kaneto Shindo. Mume, mke, watoto wawili wa kiume, kisiwa kidogo kikavu kwenye bahari ya ndani ya Seto. Maji hayapo. Wanapiga kasia kwenda ng'ambo, wanajaza ndoo, wanarudi, wanapandisha mlima kwa mzega begani, ndoo mbele ndoo nyuma, wanamwagilia mche mmoja mmoja kwa kata. Yakiisha wanarudi. Filamu nzima karibu hakuna neno linalosemwa, kwa hiyo Kiberiti huna cha kusoma chini.

Mke ni Nobuko Otowa. Huyu studio ya Daiei ilikuwa inamnadi kama binti mwenye vishimo vya mashavuni vya dola milioni. Akaziacha dola, akamfuata Shindo kwenye kampuni yake ndogo huru. Mwaka 1960 kampuni iko hoi, wakaenda kisiwani na kundi dogo la watu kutengeneza kile walichodhani ni filamu yao ya mwisho. Ikashinda tuzo kuu ya tamasha la Moscow 1961, ikauzwa nchi nyingi, kampuni ikapona.

Kuna pale mke anateleza, ndoo moja inamwagika. Mume anaweka mzega wake chini taratibu, anamfuata, anampiga kofi. Hasemi kitu. Wanaendelea na kazi. Mimi nimechota maji utotoni, si kwa mzega, kwa dumu kichwani, na naijua thamani ya ndoo moja. Bado lile kofi sijalisamehe.


Mwanakwetu:

Swali. Mpanda Ngazi amesema Takamine alicheza kwa Kinoshita na kwa Naruse. Kinoshita si wa Shochiku na Naruse si wa Toho? Nilisoma kwamba waigizaji wa Japani walikuwa mali ya studio.


Mpanda Ngazi:

Mwanakwetu umegusa penyewe.

Walikuwa mali kweli. Mwaka 1953 studio kubwa tano, Shochiku, Toho, Daiei, Shintoho na Toei, ziliwekeana mkataba: hakuna kuchukua mwigizaji wala mwongozaji wa mwenzako. Nikkatsu ilikuwa inarudi kutengeneza filamu na walihofia itawanyang'anya watu. Ni kama timu zote za ligi zikubaliane kwamba mchezaji akigombana na klabu yake, hakuna mwingine atakayemsajili. Ukipanda kichwa, unacheza barabarani.

Waliouonja mkataba huo wapo. Fujiko Yamamoto alikuwa miss wa kwanza wa Japani mwaka 1950, kisha nyota wa Daiei. Mwaka 1963 mkataba wake ukaisha, akataka uhuru wa kufanya kazi na wengine. Bosi wa Daiei, Masaichi Nagata, akamfungia milango, studio nyingine zikamtii. Hakurudi tena kwenye filamu. Akaenda jukwaani na kwenye televisheni.

Takamine alitoka Shintoho mwaka 1950 akawa huru, miaka mitatu kabla ya mkataba. Mlango ulifungwa yeye yuko nje tayari. Ndiyo maana anaonekana kila mahali. Msichana aliyeajiriwa akiwa na miaka 5 alijua mapema kuliko wote kwamba mkataba ni kamba.

Na kejeli yake sasa: mwaka 1958 Wajapani walikata tiketi zaidi ya bilioni 1.1 za sinema. Nchi ilikuwa na watu milioni 90 na ushee, yaani kila mtu, mpaka mtoto wa mgongoni, mara 12 kwa mwaka. Kufika 1963, mwaka wanamfungia Yamamoto, tiketi zimeshuka chini ya nusu ya hapo. Televisheni. Wakubwa walikuwa wanalinda ng'ombe wakati mto unakauka. Daiei ilifilisika 1971.

Nirudi kwa Naruse nimalize. Alizaliwa 1905, masikini, akaingia Shochiku akiwa kijana wa kubeba vifaa. Bosi wake Shiro Kido akamwona anafanana mno na Yasujiro Ozu, mwongozaji mwenzake wa studio hiyo, akamwambia hawahitaji Ozu wawili. Akahama. Mimi sioni kufanana huko. Kwa Ozu baba anamwoza binti na roho inauma. Kwa Naruse mtu anauliza mahari ni shilingi ngapi. Alikuwa mkimya kiasi kwamba waigizaji hawakujua kama wamefanya vizuri au vibaya. Takamine alicheza filamu 17 chini yake.

Nagareru, 1956, ni nyumba ya magesha, wanawake watumbuizaji wa jadi, inayokufa kwa madeni, na ndani yake wamo nyota wa vizazi vitatu: Isuzu Yamada, Haruko Sugimura, Takamine, na Sumiko Kurishima aliyekuwa malkia wa filamu bubu, aliyekwishastaafu akarudi kwa ajili ya hii. Tanaka wa Binti wa Forodhani ndiye mfanyakazi wa ndani. Mwisho, chini wanapiga shamisen, ala ya nyuzi tatu, juu Takamine anakanyaga cherehani, na nyumba imeshaamuliwa hatima yake. Anayejua ni mfanyakazi wa ndani peke yake. Anaendelea kufuta.

Halafu Midareru, 1964. Mjane ameendesha duka la wakwe miaka 18, alilijenga upya baada ya mabomu. Mjini imefunguliwa supamaketi, mayai bei ya kutupa, wenye maduka wanashikana mashati. Shemeji yake mdogo, Yuzo Kayama, anamwambia anampenda. Huku kwetu baadhi ya wazee wangesema basi mrithi amepatikana, tatizo limekwisha. Kule halikwisha. Kuna safari ya treni humo, kijana anaanza amekaa mbali, kila kituo anasogea kiti kimoja. Picha ya mwisho ni uso wa Takamine, na filamu inakatika ghafla kabla hujajua ufanye nini na huo uso.

Kabla hajafa mwaka 1969, Naruse alimwambia Takamine kwamba angependa kutengeneza filamu isiyo na seti wala rangi, nyuma pazia jeupe tu, na yeye mbele. Hakuifanya. Ukiona mwisho wa Midareru utasema alikwishaifanya.


Fundi Redio:

Niongeze moja fupi kabla sijalala. Entotsu no mieru basho ya Gosho, 1953. Tanaka, Takamine na Ken Uehara pamoja. Senju, Tokyo, kulikuwa na dohani nne za kituo cha umeme. Ukisimama huku unaona nne, ukienda kule tatu, kwingine mbili, kwingine moja. Watu waliziita dohani za mzimu. Chini yake wamepanga mume na mke, siku moja wanakuta kichanga kimeachwa ndani, na cheti kinasema ni mtoto wa mume wa zamani wa mke, yule aliyedhaniwa amekufa vitani. Kitoto kinalia usiku kucha, na ukuta ni wa karatasi. Zilibomolewa 1964, dohani.


Kiberiti:

Wakuu nimerudi. Jana usiku nimeangalia ile ya ngazi mpaka mwisho, sijalala kibandani wala nyumbani.

Yule mnene, yule mpole aliyeahidi ndoa, mimi nilimwamini. Nilisema huyu ndiye. Halafu Keiko anaenda mpaka kwao, anakuta mke, na mtoto anazunguka pale na baiskeli ya magurudumu matatu. Nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Na kule stesheni, anavyomrudishia yule mteja wake wa benki hisa alizompa, mbele ya mke, kwa heshima kabisa, na zawadi za watoto. Nimetazama panga nyingi maishani. Sijaona aliyekatwa namna ile.

Ila nipe nyepesi sasa, nimeumia. Kuna yenye gari?


Mpanda Ngazi:

Ipo. Arigato-san, 1936, mwongozaji Hiroshi Shimizu, dakika 76. Ni ya kabla ya vita lakini utanisamehe. Uehara ni dereva wa basi milimani huko Izu, na walirekodi barabarani kwelikweli, si studio. Ndani ya basi yumo binti anayepelekwa Tokyo kuuzwa, mama yake kando, kwa hiyo usidanganyike na wepesi wake. Jina amelipata kwa sababu kila anayempisha njiani, mwenye mkokoteni, mwenye kuni, kuku, yeye anatoa mkono nje anasema asante.


Kiberiti:

Dereva wa basi anashukuru kupishwa?

Hiyo mkuu ni ya majini. Nitumie.